Mwavuli ya Bibi ya Clovis

Ruashi, Lubumbashi, siku ya ine asubui

Kwako mulamu wangu Germaine, kule Kasenga,

Barua hii ikukute unaikala, usiisome na miguu. Shiye huku tuko bazima. Magoti yangu inalia sawa mulango ya zamani, lakini magoti haijauaka muntu. Na weye, ile miguu ya kuvimba inaendelea namna gani? Ile majani nilikutumiaka na dereva wa camion ya samaki, ulichemusha kweli ao ulitia pembeni sawa kawaida yako? Na mutoni yenu Luapula, maji ilisha kushuka? Huku ku soko samaki ya kwenu inafika ngumu sawa soli ya kiatu, na bauzishaji banaapa eti ilitoka mu maji jana. Mi nabeba tu, juu inanukia kwenu. Salimia batoto bote, salimia na ule jirani yako wa kuku mingi, mwenye alituletea mayai mu kilio.

Claudine njo anaandika. Unajua mi sikuenda ku masomo, tata yangu alisemaka eti masomo inaharibisha mikono ya banamuke. Mutoto yangu ni mwalimu, anapenda kutengeneza maneno ya bantu, lakini nilimukataza. Toka asubui alisha kuniuliza mara mbili kama kweli nataka hii barua itoke. Nilimuambia kalamu ni yake, kinywa ni yangu.

Mulamu, najua Franck alisha kukupigia telefone. Ni mutoto wako wa tumbo, sitamutukana mu barua, nitamutukana akikuya. Alikuambia eti siku ya kumaliza kilio ya bwana yangu Clovis nilimupatisha marehemu haya mbele ya bantu. Alikuambia eti nilikatala kumupatia bupyani yake, ile uriti ya mujomba. Na tata Kangwa, mukubwa wa jamaa, anasema neno ya mwisho iko kwako, juu weye ni dada mukubwa wa Clovis, na kwetu kintu ya mwanaume inafuataka tumbo ya dada yake. Franck anakuya kesho kutwa, siku ya posho, na motokari, kubeba ndeke, ile ndege ndogo ya mbao ya Clovis. Camion ya Kasenga inatoka leo saa sita. Njo maana herufi ya Claudine inalala hivi, anaandika mbio.

Nitakuambia mwisho mbele, juu usiangaike: ndeke haitatoka mu nyumba yangu. Sasa unaweza kunywa chai na kusoma polepole.

Acha nianzie mbali, juu bantu ya leo banawaza ndeke ni kintu ya kuokota ku soko. Hapa Ruashi sasa kuko tudrone twa plastiki twa kule ku mine, tunapita yulu ya nyumba, tunalia sawa mbu, tunaangalia chupi zetu ku kamba. Ile haiko ndeke. Ndeke ya Clovis ni ya zamani, ya mbao, mabawa yake ukilaza ku kitanda inatokea huku na huku, moteri yake ni sawa ngumi ya mutoto, na ikilia mbwa ya avenue nzima inaingia chini ya vitanda. Ndeke ya michezo. Inageuka, inalala, inazunguka sawa gurudumu, bazungu banaitaka looping. Haibebe muntu, haibebe mizigo, kazi yake ni kucheza yulu tu.

Clovis alikuwa menuisier, fundi wa mbao, ku atelier ya kampani, ile unajua. Kulikuwa ingénieur mumoja, mubelgi wa ndevu nyekundu, mwenye alitengenezaka tundeke siku ya Mungu kisha misa, ao pa nafasi ya misa, sijue. Clovis njo alimukatiaka mbao. Mubelgi akirudia kwabo, alimuachia Clovis makaratasi ya plan, moteri, na masanduku mbili za kuongoza. Sanduku moja ni hivi: kuko tufimbo tubili, na antena murefu sawa muwa. Unasukuma ka-fimbo chini, ndeke yulu inasikia. Ni radio sawa ile ya habari, lakini hii inaongea na ndeke tu.

Lakini mbao ya bazungu, ile mwepesi sawa mukate, huku haikuwa. Unakumbuka, mulamu? Clovis alikuandikia, na weye ulitutumia ile miti ya mu maji yenye balobaji ya samaki banafungaka ku bukonde, ile nyavu yabo, juu isizame. Kila kitunga ya samaki ilifika na miti pembeni. Ulimucheka ndugu yako, ulisema eti anatega bukonde mu muji yenye haina mutoni. Basi ile miti njo iko mu mabawa mpaka leo. Clovis alikata, mi nilibandika. Yulu ya mbao tulivalisha foulard za soie, bitambaa ya hariri, za madame ya mubelgi, nilizishona, nilizinyoosha na pasi ya makala, nikazipaka vernis, ile rangi ya kungarisha mbao, mara saba. Mwaka muzima bukari yetu, ugali ya kila siku, ilinukia vernis. Claudine alikuwa mu tumbo wakati ile. Mi nawaza njo ilimuingia mu kichwa, akakuwa mwalimu. Anakatala kuandika hii. Andika.

Nasema hii juu tata Kangwa anasemaka ndeke ya Clovis, ndeke ya Clovis, sawa vile Clovis aliitapika peke yake.

Bon. Ndeke ikaruka, na jina ya Clovis ikaruka nayo. Kila fête ya mwezi wa sita, uwanja ya mupira nyuma ya masomo ilijaa bantu mpaka ku miti. Mulamu, unaona picha ile mu kichwa yako, si vile? Clovis katikati ya uwanja, kofia ku kichwa, sanduku ku kifua, antena inangaa. Ndeke nyekundu yulu, inaanguka sawa jiwe, bamama banalia, pale pale inainuka. Na nyuma yake, ku kiti ya mbao, mi. Chini ya mwavuli mweusi, kitenge ku magoti, naikala sawa mugonjwa.

Weye njo ulinipatiaka jina ya Madame Mwavuli. Ulisema ndugu yako alioa sanamu. Ulisema bibi za bantu banamufutia bwana jasho, huyu anakimbia jua sawa mushumaa. Uliniambia hii mu macho, mbele ya bamama ya jamaa, na mi nilikuongezea munkoyo mu kikombe. Unakumbuka? Mi nakumbuka. Sikuchukie. Lakini nakumbuka.

Sasa tufike ku kufa. Clovis alikufa mwaka ilipita, mu baridi. Jamaa ilikuya, desturi ni desturi, balibeba kinga, ile baiskeli yake, balibeba makoti, balibeba bisu na randa za kazi, hata kiti yake ya kunyolea ndevu. Sikukatala kintu. Ndeke balisema itangoja siku ya kumaliza kilio, juu ile ni kintu kubwa. Mwaka muzima ilikuwa ku chumba, nilikuwa naipanguza vumbi ya mine kila asubui. Ile vumbi unaijua, inaingia hata mu yai.

Weye hukufika juu ya ile miguu ya kuvimba. Basi nikuelezee, juu wenye balikuelezea balisimama upande ile ingine.

Tulikunywa, tulikula, tata wa misa aliomba, kisha tata Kangwa akasimama. Alisema mulobaji anaachaka bukonde, muwindaji anaachaka buta na mishale, na Clovis anaacha ndeke. Alisema toka leo Franck njo Clovis. Akamupatia kofia ya marehemu. Akamutia sanduku ku kifua, ile sanduku yenye Clovis alishikaka myaka makumi ine, antena ingali inangaa. Bamama bakapiga kelele ya furaha. Franck alisimama muzuri, siwezi kukatala, mutoto wako iko na kifua.

Kisha muntu akauliza, na mujane atabaki na nini? Tata Kangwa akaangalia kwangu, akaangalia bantu, akasema: mama abaki na mwavuli yake, si njo kazi alifanyaka. Mulamu, balicheka. Balicheka mpaka mumoja akamwanga bière ku suruali. Claudine alitaka kusimama, nikamukamata nguo. Nikasema asante tata, ni kweli mwavuli ni yangu. Nikaibeba pamoja na kiti na kapu yangu, tukaenda bote ku uwanja, juu balisema mupyani arushe ndeke, marehemu aone.

Franck hajashikaka ndeke hata siku moja. Anaendeshaka taxi, na hata taxi anaigongaka. Mi njo nilitia piles mupya, betri zake, mi njo nilitia ile mafuta ya alcool na ricin, mi njo nilizungusha hélice, ile panga ya mbele yenye inazunguka, na kidole, juu hakuna mwingine alijua. Ile kidole iko na alama, hélice ilinikata mwaka Claudine alianza kutembea. Moteri ikaitika mara ya pili. Nikarudia ku kiti, nikaikala, mwavuli yulu, kitenge ku magoti. Bale bakacheka tena.

Franck akasukuma tufimbo. Ndeke ikakimbia ku majani, ikainuka.

Mulamu, ikainuka. Ikapanda mpaka ikakuwa kidogo sawa inzi, ikageuka, ikashuka, ikazunguka looping moja, mbili, tatu, zote muduara ya sawasawa. Ikalala ku bawa moja mbele ya bantu sawa vile inapepea mukono. Kelele ilitoka kule, hata mu kanisa ya pembeni balisimamisha maombi. Balisema Clovis alirudia. Tata Kangwa, ule muzee mugumu, machozi ilimutoka, alisema muangalie, roho ya Clovis iliingia mu mikono ya mutoto, bupyani ilishika. Bamama ya kwenu bakaimba ile ya kupokea mupyani. Na Franck mwenyewe aliamini. Jasho ilikuwa inamutoka, alipaza sauti eti anasikia mikono ya mujomba yulu ya mikono yake.

Alisikia vile bantu banapenda, akaanza kutembea. Akatosha mukono moja ku sanduku juu ya kusalimia telefone za bantu zenye zilikuwa zinapiga picha. Ndeke haikuangaika, ikazunguka muzuri zaidi. Akageuka mugongo hata kwa ndeke, akaongea na bantu. Alisema toka kesho hii ndeke itatundikwa ku terrasse yake mupya ya bière mu ville, yulu ku plafond, na chaîne ya chuma, na ataipaka rangi ya bière juu kampani ya bière ilisha kukubali. Eti marehemu atafurahi kuona bantu banakunywa chini yake.

Na pale mwanamuke mumoja, sitaandika jina yake, alinionyesha na kidole, akasema: muangalie Madame Mwavuli, hata siku ya bwana yake anakimbia jua.

Claudine, kalamu isisimame. Najua. Njo hapa.

Mulamu Germaine, mu ile sanduku ya Clovis hamuna radio. Muko jiwe.

Muko jiwe toka mwaka Claudine alizaliwa. Ile mwaka kipande ya mbao iliruka ku scie, ile musumeno ya atelier, ikamuingia Clovis mu jicho ya kuume. Jicho ilibaki muzuri kwa kuangalia, hata daktari alimusifu, lakini ilikufa. Muntu wa jicho moja anaona ndeke, lakini hajue iko mbali ao karibu. Siku ya kwanza alijaribu kuishusha, akaipeleka mu poteau ya goli, bawa ikavunjika. Aliambia bantu ni upepo. Bantu balikubali, juu upepo haijibu. Mwezi muzima alikuwa anaikala mbele ya ile bawa, anaigusagusa, sawa vile muntu anagusa mutoto wa homa.

Mi njo nilitengeneza bawa. Mi njo nilimuambia anifunze. Alinicheka mbele, kisha alinifunza kule mu pori ya route ya Kasenga, kwenye hakuna muntu, shiye babili na Claudine ku mugongo yangu. Iko kintu moja inashindaka banaume: ndeke ikienda mbali na weye, kuume ni kuume. Ikikuya kwako, kuume inakuwa kushoto. Clovis alikuwa anaihesabu mu kichwa. Mi sikuhesabu kintu. Nilisukaka nywele za bantu toka nilikuwa kasichana, muntu ananipatia mugongo ao anaangalia kwangu, mikono inajua yenyewe. Kisha miezi tatu nilikuwa nafanya looping. Kisha mwaka, mulamu, acha niseme kwa kinywa yangu, nilimupita.

Lakini bantu balikuwa banaita Clovis. Bakubwa ya kampani, tata wa misa, chef wa commune, bote balimuita Clovis pilote. Alinipigia magoti mu chumba. Bwana yangu alinipigia magoti. Alisema Chilufya, ukinitosha hii jina nabaki nani? Aliniapisha: mpaka anakufa, nisiseme. Nikaapa.

Sanduku moja ilikuwa ilisha kuungua ndani, akaitosha matumbo yote, akatia jiwe ya muviringo juu ikuwe nzito, bantu basishuku. Ile njo alisimama nayo. Ya muzima ilikuwa ku magoti yangu, chini ya kitenge. Na antena? Muntu angeiona. Clovis alitengeneza mwavuli. Fimbo yake ni bambu, wazi ndani, antena inapanda mule. Mifupa yake pia ni bambu, juu chuma inakulaka radio. Aliifunga ku kiti, mikono yangu ibaki huru. Alifanya kazi ile juma mbili, na jicho moja. Hajafanyaka kintu muzuri kushinda ile mwavuli, mulamu, na hakuna hata muntu mumoja aliisifu.

Myaka makumi ine. Yeye mbele anacheza na jiwe, mi nyuma narusha ndeke. Kila kintu yenye mulipigia makofi, ilikuwa mi.

Na iko moja nataka ukuwe umeikala ku kiti kweli. Ile mwaka tulikuya Kasenga na ndeke, mama yenu alikuwa alisha kufa. Uliumia mpaka hukuwa unakula, unakumbuka. Clovis alisema turushe ndeke ku mutoni, uone miti yako inaruka. Ilipita yulu ya maji, chini chini, matumbo yake inagusa maji karibu, balobaji ya upande ya Zambia balisimama mu bwato, balipiga makasia. Na weye ukacheka, mara ya kwanza toka kilio, ukavua viatu, ukacheza ku muchanga, ukamukumbatia Clovis, ukamuambia ni yeye alikurudisha ku buzima. Kisha ukaniangalia ku kiti, ukasema na huyu anafanya nini hapa.

Nilikuwa nakurudisha ku buzima. Njo nilikuwa nafanya.

Bon. Turudie ku uwanja. Ile mwanamuke akinionyesha kidole, Franck akisema bière na plafond, nikawaza: Clovis alisema mpaka anakufa. Clovis alisha kufa, tulisha kula na bukari yake. Kiapo ilimalizika na kilio. Basi nilivuta sanduku chini, antena ikatoka mu bambu sawa kisu mu ala. Nikasimama. Kitenge ikaanguka. Mwavuli ikabaki ku kiti peke yake, inakinga jua ya bule.

Nikatembea mpaka mbele ya Franck. Magoti ilikuwa inalia lakini ilitembea. Bantu habakuelewa, baliwaza bulanda ya kufiwa iliniingia mu kichwa. Nikaigeuza ndeke tumbo yulu. Nikaishusha hivyo hivyo, kichwa chini, mpaka ku kimo ya kifua ya muntu, nikaileta toka mwisho ya uwanja. Clovis alinikatazaka ile, alisema siku moja itakula muntu. Nikaipitisha mu goli. Mu ile goli yenye ilimuvunjiaka bawa. Katikati ya mapoteau mbili, tumbo yulu, ikatokea upande ingine, nikaigeuza, nikaishusha ku majani, ikakimbia, ikasimama hapa, ku viatu vyangu.

Hakuna muntu alipiga makofi. Na Franck, mulamu, mutoto wako, moteri ilisha kuzima, na yeye angali anasukuma tufimbo.

Nikamuambia afungue sanduku. Akakatala. Tata Kangwa mwenyewe akaifungua na kisu, jiwe ikamuangukia ku muguu.

Kelele yenye ilitokea kisha, nafikiri uliisikia mpaka Kasenga. Tata Kangwa alisema nilimuvua marehemu nguo mbele ya bantu. Nilimujibu eti nilimufunika myaka makumi ine, hakuna nguo ingine inadumu vile. Alisema mwanamuke hawezi kushika buta ya mwanaume. Nikasema buta haikuwa yake, na kama hawezi, basi nani alikulizisha sasa hivi, tata, mpaka makamasi. Franck akasema mi ni mulozi. Nikamuambia mulozi anarukaka usiku, mi naruka saa tisa ya muchana mbele ya bantu mia tatu na telefone zabo. Banadai nitoe kuku mweupe ya kuomba musamaha ku jamaa. Kuku yangu inataga, haitatoka. Jamaa njo ilete kuku kwangu.

Ile makosa yangu nitaisema, juu sitaki uwaze najiona mutakatifu. Wakati bantu balisema roho ya Clovis iko mu mikono ya Franck, ningeweza kusimama pale pale. Sikusimama. Nilikunywa ile kelele kidogo. Nilizungusha looping ya tatu juu ya furaha yangu tu. Na nililia, juu nilitaka iwe kweli, kwamba Clovis iko pale. Ile njo dhambi yangu, mulamu, na nilisha kuipeleka ku confession. Tata wa misa aliniuliza kama nitarusha tena siku ya Mungu.

Na ndiyo, narusha. Kila siku ya Mungu kisha misa, uwanja ile ile, bila mwavuli. Ngozi yangu ilisha kukauka, jua itanifanya nini. Siku ya kwanza bantu balikuya kunitukana. Siku ya pili balikuya na viti.

Sasa neno iko kwako, banasema. Mi sikulombe ruhusa, Germaine. Nakuambia tu, juu weye njo ulituma miti, na muntu mwenye alituma miti asidanganywe mpaka kaburini. Ukisema ndeke ni ya Franck, Franck atakuya siku ya posho na atakuta mulango imefungwa na mi mbele yake na mwiko ya bukari. Ukisema ni yangu, atakuta mulango imefungwa vile vile, lakini nitamupatia chakula.

Bupyani yake Franck alisha kuipata. Ile sanduku abaki nayo, na jiwe. Simucheke. Jiwe ile Clovis aliiokotaka kwenu, ku mutoni, mbele ya nyumba ya mama yenu. Alisimama nayo ku kifua jua na mvua, jicho moja, bantu elfu banamuangalia, na hajatetemekaka hata mara moja. Mi ningetetemeka. Kurusha ndeke ni kazi ya mikono. Kusimama vile, ile njo buta ya Clovis. Franck akiweza kusimama vile hata siku moja, ataitwa Clovis na mi nitakuwa wa kwanza kumuita.

Camion inapiga honi, Claudine anapanguza jasho. Salimia bote kule. Ule jirani wa kuku umuambie asante ya mayai. Chemusha majani, usiitie pembeni. Balobaji bakitosha ile miti mwepesi, unitumie kidogo, bawa ya kushoto inaanza kuchoka.

Mu camion nilikutilia na kintu ingine, imefungwa mu gunia. Ni mwavuli. Mifupa yake ni bambu, mikono ya ndugu yako njo ilichonga, iangalie muzuri, juu hujaiangaliaka. Jua ya Kasenga ni kali, na mi sina kazi nayo tena. Ukipata nafuu ya miguu, kuya huku siku ya Mungu moja. Uikale nyuma yangu ku kiti, chini yake. Ukipenda, vua viatu.

Mi, mulamu wako,
Chilufya, mama ya Claudine

Sijue kusaini. Alama hii ya mafuta ya ricin ni kidole yangu, ile ya hélice.